Chama, Kura na Kambi: Funzo la Maisha ya Milton Obote

Onduparaka ni mahali padogo kando ya mji wa Arua, katika West Nile, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo. Vijana wa leo hulijua jina hilo kwa sababu ya timu ya kandanda iliyopanda hadi ligi kuu ya Uganda mwaka 2016. Lakini wazee wa huko, kama wazee wa Koboko na wa Madi, wana kumbukumbu nyingine. Tangu siku za jeshi la mkoloni, lile lililoitwa King's African Rifles, yaani KAR, nchi hiyo imetoa askari wengi, na habari za jeshi huko si habari za gazetini bali ni habari za nyumbani. Wazee hao wanajua kwamba uamuzi unaofanywa Kampala na kiongozi wa chama cha siasa unaweza, baada ya miaka kumi au ishirini, kubisha hodi mlangoni kwa mkulima wa muhogo ambaye hakuulizwa neno lolote.

Kwa sababu hiyo inafaa askari wa jeshi na wa polisi wayatazame kwa makini maisha ya mwanasiasa mmoja ambaye hakuzaliwa West Nile, lakini maisha yake yamefungamana na nchi hiyo kwa uchungu. Mwanasiasa huyo ni Apollo Milton Obote, mtu wa shamba aliyekuwa Rais wa chama cha Uganda People's Congress, yaani UPC, tangu mwaka 1960 hadi alipofariki dunia mwaka 2005. Juu yake yamesemwa mengi, ya sifa na ya lawama. Shabaha ya mazungumzo haya si kumsifu wala kumlaani. Shabaha ni kueleza jinsi mtu wa kijijini anavyopata uongozi wa chama, na jinsi uongozi uliopatikana kwa kura unavyoharibika unapoanza kuegemea kambi ya askari.

Obote alizaliwa katikati ya miaka ya 1920 katika kijiji cha Akokoro, nchi ya Lango. Baba yake alikuwa mkulima na chifu mdogo katika utawala wa wilaya. Kijana alichunga mifugo kabla ya kwenda shule. Alisoma Lira, kisha Gulu, kisha Busoga College Mwiri, na mwaka 1948 akaingia Makerere, ingawa masomo ya huko hakuyamaliza. Baada ya hapo alifanya kazi za kuajiriwa, kwanza Uganda na baadaye Kenya, ambako aliziona kwa macho yake siasa za wafanyakazi na harakati za kudai uhuru. Aliporudi Lango katikati ya miaka ya 1950 hakuwa na mali, wala hakutoka katika ukoo wa kifalme. Alichokuwa nacho ni elimu, ufasaha wa kusema, na uzoefu wa kuishi mbali na kwao.

Mwanasiasa wa shamba wa siku zile alikuwa na ngazi ya kupandia, na madaraja yake yalikuwa dhahiri. Daraja la kwanza lilikuwa tawi la chama. Chama cha Uganda National Congress, kilichoanzishwa mwaka 1952, kilikuwa na matawi Lango, na Obote akajiunga nacho. Daraja la pili lilikuwa Baraza la Wilaya. Huko watu waligombania mambo ambayo mkulima aliyaelewa vizuri: bei ya pamba, kodi, ardhi, na madaraka ya machifu. Mabaraza hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwachagua wajumbe wa kwenda Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1957 Obote akaingia katika Baraza hilo kwa niaba ya Lango, na Oktoba mwaka 1958, wananchi wa baadhi ya sehemu za Uganda walipopiga kura moja kwa moja kwa mara ya kwanza, watu wa Lango wakamrudisha.

Daraja la tatu lilikuwa Baraza lenyewe. Hapo mjumbe kutoka kijijini aliweza kuwahoji maofisa wa Gavana mbele ya nchi nzima, na maneno yake yakachapishwa magazetini. Daraja la nne, ambalo wengi hulisahau, lilikuwa ni kuunganisha vyama. Mwaka 1959 Congress iligawanyika, na Obote akaongoza upande mmoja. Wakati huo wajumbe kadhaa wa Baraza waliotoka nje ya Buganda walikuwa wameunda chama chao, Uganda People's Union. Machi mwaka 1960 makundi hayo mawili yakaungana, ikazaliwa UPC, na Obote akawa Rais wake. Kutoka kuingia Barazani hadi kuongoza chama ilimchukua miaka mitatu tu.

Hapana budi tueleze chama hicho kilikuwa kitu gani, maana katika jambo hilo ndimo ilimokuwa nguvu yake na ndimo ulimokuwa udhaifu wake. UPC ilikuwa muungano wa wakubwa wa wilaya. Kila mmoja alikuwa na watu wake nyumbani, na kila mmoja alikuja na kura zake kama mkulima anavyokuja sokoni na gunia lake. Kwa njia hiyo chama kilienea upesi. Lakini wakubwa hao walimtii Rais wa chama kwa sababu ya mapatano, si kwa sababu ya nidhamu. Siku ambayo mapatano yangevunjika, Rais wa chama angekuwa na njia mbili tu: kurudi kwa wanachama ili waamue, au kutafuta nguvu mahali pengine.

Katika uchaguzi wa Machi mwaka 1961, ambao watu wengi wa Buganda waliususia, Democratic Party ya Benedicto Kiwanuka ndiyo iliyopata viti vingi. Obote hakukata tamaa. Alifanya mapatano na chama cha Kabaka Yekka cha Buganda, na baada ya uchaguzi wa Aprili mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Tarehe 9 Oktoba 1962 Uganda ikapata uhuru. Mchunga mifugo wa Akokoro alikuwa amefika kileleni, na alifika bila kufyatua risasi hata moja. Jambo hilo lastahili kukumbukwa na kila askari, kwa sababu ni la kweli na ni la heshima.

Lakini hata kabla ya bendera kupandishwa, mbegu nyingine ilikuwa imekwisha tiwa ardhini. Mapema mwaka 1962 ofisa mmoja wa KAR, Idi Amin, ambaye jamaa zake ni wa Koboko, alishtakiwa kwamba askari aliowaongoza katika msako wa wezi wa ng'ombe waliwaua watu wa Turkana, nchini Kenya. Gavana Walter Coutts alitaka ushauri wa Obote. Wakati huo maofisa Waafrika wa Uganda walikuwa wawili tu, Amin na Shaban Opolot, na Obote akaona si vema kumfikisha mmoja wao mahakamani wakati uhuru uko mlangoni. Amin akaonywa tu. Kisiasa uamuzi huo ulieleweka. Kijeshi, ulikuwa na maana kwamba ofisa anaweza kuvunja sheria akalindwa, maadamu mwanasiasa anamhitaji.

Mwaka 1964 jambo hilo lilijitokeza kwa ukubwa zaidi. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito. Siku tatu baadaye, tarehe 23, askari wa Uganda Rifles katika kambi ya Jinja nao wakakataa amri, wakidai mishahara zaidi na maofisa Waafrika. Waziri wa Mambo ya Ndani, Felix Onama, mwana wa Madi, alikwenda Jinja kuzungumza nao. Wakamzuia kambini mpaka akakubali madai yao juu ya mishahara. Serikali iliomba msaada wa askari wa Uingereza, ambao waliizingira kambi tarehe 25 alfajiri, na utulivu ukarudi.

Madai ya askari hao hayakuwa ya upuuzi. Mshahara wa askari Mwafrika ulikuwa mdogo, na maofisa wa kikoloni walikuwa bado wamekalia vyeo vyote vya juu. Lakini haki inayodaiwa kwa kumshika waziri wa serikali hubadilika sura. Nchi tatu za jirani zilipatwa na maasi katika juma lile lile, na kila moja ilijibu kwa namna yake. Tanganyika ililivunja jeshi lake, ikaunda jipya, Jeshi la Wananchi, mwezi wa Septemba mwaka huo huo. Kenya iliwapeleka waasi wa kambi ya Lanet mbele ya mahakama ya kijeshi. Uganda iliwafukuza baadhi ya askari, lakini mishahara ikaongezwa kwa kiasi kikubwa, na Amin na Opolot wakapandishwa vyeo haraka. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Askari wa Jinja walijifunza kwamba bunduki inasikilizwa. Na wanasiasa walijifunza kwamba bunduki inanunulika. Funzo hili la pili lilikuwa baya kuliko lile la kwanza.

Mwaka huo huo mapatano ya UPC na Kabaka Yekka yalivunjika, kwa sababu ya ugomvi juu ya wilaya ambazo Bunyoro ilizidai kutoka Buganda. Ndani ya UPC kwenyewe wakubwa walianza kugombana, na katika mkutano wa chama uliofanyika Gulu mwaka 1964, Grace Ibingira alimshinda John Kakonge katika kugombea ukatibu mkuu. Tarehe 4 Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alisimama Bungeni akadai kwamba Amin alikuwa ameweka benki fedha nyingi zilizotokana na dhahabu ya Kongo, iliyopita katika mpaka wa West Nile wakati wa vita vya huko. Aliwataja pia Obote, Onama na waziri mwingine, madai ambayo wao waliyakana. Bunge likapitisha azimio la kutaka Amin asimamishwe kazi achunguzwe.

Hapo ndipo Rais wa chama alipokuwa penye njia panda. Wengi wa wabunge waliopitisha azimio lile walikuwa watu wa chama chake mwenyewe. Angeweza kuitisha mkutano mkuu, akawaachia wanachama neno la mwisho. Badala yake, tarehe 22 Februari mawaziri watano, Ibingira akiwa mmoja wao, walikamatwa katika mkutano wa Baraza la Mawaziri. Aprili ikaletwa katiba mpya, ambayo wabunge waliipitisha bila kuisoma. Tarehe 24 Mei majeshi, yakiongozwa na Amin, yalishambulia jumba la Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Obote alishinda. Lakini tangu siku hiyo hakuwa tena kiongozi anayelindwa na chama. Alikuwa kiongozi anayelindwa na ofisa mmoja, na anayelindwa na mtu mmoja ni mdeni wa mtu huyo.

Deni lilidaiwa upesi. Tarehe 19 Desemba 1969, alipokuwa akitoka katika mkutano wa UPC huko Lugogo, Obote alipigwa risasi akajeruhiwa. Vyama vya upinzani vikapigwa marufuku, na hivyo mlango wa kura ukafungwa kabisa. Brigedia Pierino Okoya, aliyemlaumu Amin kwa kutoroka usiku ule wa Lugogo, aliuawa pamoja na mkewe huko Gulu tarehe 25 Januari 1970. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile ya tarehe 25 Januari, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, askari mmoja aliyeitwa Sam Wilfred Aswa alisoma katika Redio Uganda sababu 18 za jeshi kuchukua serikali. Ngazi iliyopandwa kwa miaka mingi ilianguka katika asubuhi moja.

Sasa askari na ajiulize: ni nani aliyelipa gharama? Wengi hudhani ni wanasiasa. Ukweli ni kwamba wa kwanza kulipa walikuwa askari wenyewe. Katika mwaka 1971 askari wengi wa Acholi na Lango waliuawa makambini na askari wenzao, watu waliokula nao sahani moja na kulinda nao zamu moja. Polisi nao hawakusalimika. Erinayo Oryema, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Polisi wa Uganda, aliukubali utawala mpya akafanywa waziri. Februari mwaka 1977 aliuawa, pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenziwe, Charles Oboth-Ofumbi. Cheo hakikumwokoa, na kunyamaza hakukumwokoa.

Amin aliondolewa Kampala Aprili mwaka 1979, kwa vita alivyovianzisha mwenyewe aliposhambulia Kagera, nchini Tanzania. Mei mwaka 1980 Obote alirudi, akateremkia Bushenyi, akaanza tena kuwahutubia wakulima kama alivyofanya zamani. Lakini safari hii kura ilipigwa Desemba chini ya Tume ya Kijeshi, na mwenyekiti wake, Paulo Muwanga, alitoa amri kwamba mtu mwingine yeyote asitangaze matokeo isipokuwa yeye. UPC ikatangazwa kuwa imeshinda. Wapinzani hawakuyakubali matokeo hayo, na Februari mwaka 1981 vita vipya vikaanza katika nchi ya kati.

Huko West Nile moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Oktoba mwaka 1980 waliokuwa askari wa Amin walivuka mpaka kutoka Sudan na Zaire, wakaingia Koboko na Arua. Jeshi la serikali, UNLA, liliporudi lilichukua kisasi, na kisasi hakikuuliza nani alikuwa askari na nani alikuwa mkulima. Majeshi ya Tanzania, ambayo yalipofika huko mwaka 1979 yalisifiwa na wenyeji kwa nidhamu, yalikuwa yakirudi kwao. Tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Ombaci iliyo kando ya Arua, walimokuwa wamekimbilia maelfu ya raia, askari wa UNLA walifyatua risasi. Waliouawa wanakaribia mia moja, wakiwamo wanawake na watoto. Mamia ya maelfu ya watu wa West Nile wakawa wakimbizi Sudan na Zaire. Kutoka Onduparaka hadi Ombaci si mbali. Watu wa huko hawakuhudhuria mkutano wa Mawaziri wa mwaka 1966, wala hawakuwa Jinja mwaka 1964. Hata hivyo hesabu ya mambo hayo ililetwa kwao.

Lililobaki linajulikana. Ndani ya jeshi lenyewe ukazuka ugomvi wa vyeo na wa makabila, na tarehe 27 Julai 1985 jeshi lilimpindua Obote kwa mara ya pili. Alikwenda uhamishoni Zambia, akafariki Johannesburg tarehe 10 Oktoba 2005, na serikali ya wakati huo, ingawa ilikuwa ya wapinzani wake, ikampa mazishi ya kitaifa. Alizikwa Akokoro, pale pale alipoanzia. Jambo moja ni la kushangaza katika maisha haya. Jeshi lilimpa Obote madaraka na jeshi likamnyang'anya, mara mbili. Lakini urais wa UPC, ambao hakupewa na jeshi, alikuwa nao mpaka siku ya kufa. Kile alichopewa na watu kilidumu miaka 45. Kile alichoshikiliwa na bunduki hakikudumu hata mara moja.

Funzo lililomo ni la pande mbili. Kwa mwanasiasa, hasa yule anayetoka kijijini na kupanda kwa kura za majirani zake, funzo ni kwamba ugomvi wa chama humalizwa na wanachama. Atakayeita askari aje aumalize atakuwa amempa askari kazi ya siasa, na hatakuwa na uwezo wa kumnyang'anya kazi hiyo.

Kwa askari na polisi funzo ni zito zaidi. Askari mwenye shida ya mshahara, ya nyumba au ya cheo ana haki ya kusikilizwa, na mkubwa wake ana wajibu wa kuipeleka shida hiyo panapohusika kabla haijaoza. Lakini siku anapoitumia silaha ya wananchi kudai haki yake, au siku anapokubali kutumwa na kiongozi wa chama dhidi ya wapinzani wa chama, ameacha kuwa mlinzi. Ndiyo maana Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 208, inaagiza kwamba jeshi lisiwe la chama chochote, liwe la taifa zima, liwe na nidhamu, na liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Maneno hayo yaliandikwa na watu waliokuwa wameiona Mengo, wameiona Jinja, wameiona Ombaci.

Tarehe 24 Desemba 2002, huko Yumbe, serikali na kundi la waasi la UNRF la pili walitia sahihi mkataba wa amani, na bunduki za West Nile zikaanza kunyamaza. Mkataba huo haukuletwa na kambi moja kuishinda kambi nyingine, bali na watu walioketi wakazungumza, wazee wa nchi wakiwamo. Leo kijana wa Onduparaka anaweza kuvaa sare ya jeshi au ya polisi na kulinda zamu pamoja na kijana wa Akokoro. Wote wawili ni watoto wa wakulima. Atakayewatenganisha, awe mwanasiasa au awe ofisa, hatakuwa anawatafutia mema, na njia ya kumkatalia ni kuijua sheria na kuitii kabla hajafika na ahadi zake.